Doa kwenye kapeti: maji kwanza, sabuni baadaye

Kazi yangu ni kuosha makapeti majumbani, hapa Magomeni. Wateja wengi hunipokea na chupa ya dawa ya povu mkononi, imenunuliwa kwa bei. Karibu kila mara huwaomba waiweke pembeni, waniletee maji na taulo jeupe.

Chai ya rangi, soda, juisi, uji: doa likiwa bichi, maji matupu yanaliweza. Gandamiza taulo kavu linywe kilichomwagika. Nyunyiza maji kidogo, gandamiza tena, ukitoka ukingoni kwenda katikati ili doa lisitanuke. Usisugue! Nyuzi zikishachambuka hazirudi, hata doa likiisha. Maziwa, yai na damu ni maji ya baridi tu, maana ya moto huvigandisha humo humo.

Sabuni inahitajika kwenye mafuta. Mchuzi wa nazi au samli huwezi kuitoa kwa maji pekee. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, robo kijiko cha chai kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu. Najua inaonekana kidogo mno, lakini usiongeze. Sabuni isiyosuuzwa hukauka ikabaki inanata kwenye nyuzi, na vumbi la miguu linashika hapo hapo. Wiki chache baadaye pamekuwa peusi kuliko kwingine, na mwenye nyumba anadhani doa limerudi. Basi suuza, nyonya kwa taulo, suuza tena, mpaka maji unayokamua yasiteleze vidoleni.

Mchuzi ukiwa na manjano, sabuni ya unga weka mbali kabisa: inaligeuza doa kuwa jekundu. Na jiki hula sufu na kufuta rangi, mimi siigusi.

Ukitaka kujua kama dawa uliyonunua inazidi maji, chagua kona iliyojificha nyuma ya kochi. Safisha kipande kwa maji, cha jirani yake kwa dawa, kila kimoja na kitambaa chake cheupe. Kitambaa cha dawa kikitoka na rangi ya kapeti, dawa hiyo haifai hapo. La sivyo, acha vipande vikauke, uviangalie tena baada ya wiki kadhaa.

Kapeti zima lioshwe siku ya jua kali, litundikwe mgongo ukielekea juani. Masika usijaribu; tabaka la chini likibaki na unyevu litavunda, na harufu hiyo hakuna dawa ya dukani itakayoifukuza upesi.