Somo: Namna ya kujifunza utengenezaji wa filamu kupitia nyongeza za DVD

Wengi wetu tukimaliza kutazama filamu, majina ya waigizaji yakianza tu kupanda kwenye kioo, tunazima deki na kurudisha diski kwenye kasha. Tunaacha humo sehemu ambayo mwongozaji, mpiga picha na mhariri wanaeleza kazi yao onyesho baada ya onyesho. Kwa kijana anayetengeneza filamu Dar es Salaam au Nairobi bila uwezo wa kulipa ada ya chuo, sijaona mwalimu wa bei nafuu kuliko huyu, na ndiyo sababu nimeandika somo hili.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko DVD. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa filamu ya King Kong ya mwaka 1933 kwenye laserdisc, ile diski pana ya sentimita 30, na kwa kuwa diski hiyo ilikuwa na njia ya sauti isiyohitajiwa na filamu, mtaalamu wa historia ya filamu Ronald Haver alirekodiwa humo akiieleza filamu yote. DVD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996, inaweza kubeba hadi njia 8 za sauti na 32 za manukuu (maandishi ya mazungumzo chini ya picha), kwa hiyo jambo lililokuwa la wachache likawa la kawaida.

Hatua ya kwanza: hakikisha una diski ya kiwandani. Diski ya kiwandani yenye tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, ilhali diski tupu zinazotumiwa sana kunakilia hubeba 4.7, hivyo anayenakili hulazimika kutupa kitu, na nyongeza ndizo hutupwa kwanza. Zile diski zenye filamu ishirini kwa pamoja hazina nafasi hata ya sauti ya pili. Geuza kasha utafute nyuma yake maneno Special Features au Bonus Features, na hasa Audio Commentary, yaani sauti ya maelezo.

Hatua ya pili: tazama filamu nzima kwanza bila maelezo yoyote.

Hatua ya tatu: washa sauti ya maelezo. Kwenye deki, bonyeza kitufe cha AUDIO kwenye rimoti au pitia menyu ya diski. Kwenye kompyuta yenye programu ya VLC, fungua Audio kisha Audio Track. Washa pia manukuu ya filamu, kwa sababu mazungumzo ya waigizaji hupunguzwa sauti ili msemaji asikike. Weka daftari karibu, onyesha muda kwenye kioo, na kila anapotaja uamuzi fulani, simamisha picha uandike dakika na sababu aliyoitoa. Filamu ya dakika 90 hunichukua jioni mbili, na sioni njia ya kuharakisha.

Anza na filamu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo. Robert Rodriguez alitengeneza El Mariachi, iliyotoka mwaka 1992, kwa takriban dola 7,000, na kwenye DVD yake ameweka maelezo pamoja na somo fupi la dakika kumi. Hapo utamsikia akieleza kwamba alikalia kiti cha magurudumu ili kamera isogee bila kutikisika, na kwamba kamera yake haikurekodi sauti, hivyo baada ya kupiga picha alisogeza maikrofoni na kuwataka waigizaji warudie maneno yao. Mdomo na sauti vilipoanza kupishana, alikatia picha nyingine. Niliposikia hilo niliirudia filamu, na ile mikato ya haraka niliyodhani ni mtindo tu nikaiona kuwa pia ni dawa ya tatizo la sauti.

Diski nyingine zina njia kadhaa za maelezo. Toleo refu la The Fellowship of the Ring, la mwaka 2002, lina nne: ya mwongozaji na waandishi, ya wasanifu, ya watayarishaji na wahariri, na ya waigizaji. Chagua ile inayohusu kazi yako. Anayeshona maleba hana sababu ya kuanza na waigizaji.

Hatua ya nne: tazama vipande vilivyokatwa, kisha rudi kwenye filamu mahali ambapo kila kipande kingekaa, ujiulize hadithi ingepungukiwa au ingeongezewa nini.

Maswali ya wanachama

Swali (Kisumu): Shikamoo mwalimu. Nabonyeza AUDIO lakini sauti haibadiliki.

Jibu: Marahaba. Baadhi ya diski hufunga kitufe hicho filamu inapocheza, kwa hiyo rudi kwenye menyu uchague humo. Ikiwa diski yako ni VCD, kitufe hicho hubadilisha spika ya kushoto na kulia tu.

Swali (Dodoma): Dada yangu ameniletea DVD kutoka Marekani na deki inaikataa. Je, imeharibika?

Jibu: Huenda ni nzima, ndugu yangu. DVD hugawanywa kwa kanda za dunia: Marekani ni kanda ya 1, Tanzania na Kenya ni ya 5. Tafuta deki inayokubali kanda zote. Ukitumia kompyuta, kumbuka kwamba kwa kawaida kanda ya kisomaji chake hubadilishwa mara 5 tu, kisha hujifunga.

Swali (Mombasa): Je, kuna tofauti gani na kazi ya DJ Afro?

Jibu: Swali zuri sana. DJ Afro kwa Kenya, kama alivyofanya Lufufu kwa Tanzania, humsimulia mtazamaji hadithi ya filamu ya kigeni kwa Kiswahili, naye ni fundi wa kazi hiyo. Mwenye sauti ya maelezo anaeleza jinsi hadithi ilivyotengenezwa. Nasi hatujachelewa kufanya hivyo kwa lugha yetu. Ukimaliza filamu yako, kaa na mpiga picha wako, ichezeni huku mkijirekodi kwa simu, kisha uongeze rekodi hiyo kama njia ya pili ya sauti kwenye faili la MKV (aina ya faili la video linaloweza kubeba njia kadhaa za sauti) kwa programu ya bure ya MKVToolNix. Mtazamaji ataichagua kwa VLC kama nilivyoeleza katika hatua ya tatu.