Barua Inayosomwa kwa Masikio: Namna ya Kuandaa Faili la Ofisi kwa Mwenzako Asiyeona

Barua yangu ya kwanza ya ajira nilisomewa na mtoto wa jirani. Ilikuja kwa baruapepe. Nikaifungua peke yangu chumbani, moyo ukinidunda. Kompyuta ikatamka jina la faili, kisha ikanyamaza. Nikabonyeza kishale cha chini. Kimya. Aliyeiandaa aliichapa vizuri kwenye kompyuta, akaitoa kwenye karatasi, ikasainiwa, ikagongwa mhuri, halafu ikapitishwa kwenye skana. Kwa mwenye macho hiyo ni barua kamili. Kwangu ilikuwa picha, na picha haina neno la kusomwa. Ikabidi nimwite kijana wa kidato cha pili, na mshahara wangu akaujua yeye kabla yangu.

Sasa ni miaka mingi niko ofisini na kisoma skrini, yaani programu inayonitamkia yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na makarani, makatibu muhtasi, wahasibu na vijana wa TEHAMA nikiwaonyesha faili lao linavyosikika upande wangu. Karibu wote hushtuka. Hakuna aliyekusudia kumfungia mtu mlango. Hawajawahi kusikia tu.

Kabla ya hatua yenyewe, shika jambo moja. Kisoma skrini hakina macho. Hakitazami kioo kama wewe unavyotazama. Kinaiuliza programu uliyoandikia, kama Word, "Hapa pana nini?" na programu inajibu kile ulichoiambia. Ukiiambia kwamba mstari huu ni kichwa cha habari, itajibu ni kichwa cha habari. Ukiyakuza maandishi na kuyakoleza tu, haina cha kujibu zaidi ya maneno yenyewe. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Hatua ya 1: Weka NVDA kwenye kompyuta yako, wewe unayeona

NVDA ni kisoma skrini cha bure cha Windows. Kilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona, kisha akaungana na mwenzake James Teh, naye asiyeona. Kipo pia JAWS, cha siku nyingi zaidi, lakini leseni yake ni ya kulipia na ofisi nyingi za kwetu haziimudu. Kwa kazi yetu hapa NVDA inatosha.

Ipakue kutoka tovuti ya NV Access, shirika linaloitengeneza, isakinishe, iwashe kwa Ctrl+Alt+N. Kitufe chake kikuu ni Insert. Kama laptopu yako haina Insert iliyo karibu, kwenye mipangilio ruhusu Caps Lock ifanye kazi hiyo. Ikikuchosha masikio, Ctrl inainyamazisha papo hapo, na Insert+Q inaifunga kabisa.

Bonyeza Insert+Ctrl+V, utafika kwenye mipangilio ya sauti. Ndani ya NVDA imo eSpeak NG, programu ndogo inayogeuza maandishi kuwa sauti, nayo inazungumza Kiswahili. Sauti yake ni ya kimashine, sikatai, ila silabi zinatoka sawasawa. Ukiiacha sauti ya Kiingereza isome Kiswahili chako, "maazimio ya kikao" itakuwa kelele isiyo na maana.

Wanaoanza huwa nawawashia pia dirisha la Speech Viewer. Lipo kwenye menyu ya NVDA, unayoifungua kwa Insert+N, chini ya Tools. Linakuandikia kila kinachotamkwa, kwa hiyo utafuatilia hata kama sikio bado halijazoea.

Sasa fungua waraka ulioutuma jana. Zima kioo, au kifunike kwa kanga. Bonyeza Insert na kishale cha chini, usikilize mpaka mwisho. Usiruke zoezi hili. Dakika tano hizo zitakufundisha kuliko mimi.

Hatua ya 2: Vichwa vya habari viwe vichwa kweli

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ukikosa muda wa kufanya yote, fanya hili.

Wewe ukipewa mwongozo wa watumishi wenye kurasa 60 na unatafuta likizo ya uzazi, jicho linapepesa tu: unafunua, unaona maandishi makubwa, unafunua tena, umefika. Mimi nafanya vilevile kwa kidole. Ndani ya Word nabonyeza Insert+Space kuingia hali ya kusoma, kisha herufi H. Kila H inanirukisha hadi kichwa kinachofuata. Au nabonyeza Insert+F7 napata orodha ya vichwa vyote, naandika "lik", nimefika. Sekunde nne.

Lakini hiyo ni pale mwandishi alipotumia mitindo ya vichwa. Kama alikoleza tu, H inaniambia hakuna kichwa kinachofuata, na kurasa 60 nazipitia mstari kwa mstari.

Dawa ni ndogo. Weka kishale kwenye mstari wa kichwa, bonyeza Ctrl+Alt+1 kwa kichwa kikuu, Ctrl+Alt+2 kwa kilicho chini yake, Ctrl+Alt+3 kwa kinachofuata. Kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, ni Ctrl+1, Ctrl+2, Ctrl+3. Hupendi rangi ya buluu inayokuja nayo? Badilisha mwonekano wa mtindo mara moja, vichwa vyote vitafuata. Ila usiruke ngazi kutoka 1 hadi 3 kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Ngazi inamwambia msomaji kipi kimo ndani ya kipi.

Tabia mbili zinaandamana na hii. Ya kwanza ni kupiga Enter mara kumi na mbili ili kufika ukurasa mpya. Nikishuka kwa kishale nasikia "mstari mtupu" mara kumi na mbili, na wapo wanaodhani waraka umeisha wakaufunga. Tumia Ctrl+Enter. Ya pili ni kuandika namba za orodha kwa mkono. Acha programu iziweke yenyewe, maana hapo kisoma skrini kinanitajia kwamba ninaingia kwenye orodha na ina vipengele vingapi.

Hatua ya 3: Iambie programu lugha

Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, nenda Review, kisha Language, kisha lugha ya kukagua tahajia, uchague Kiswahili. Aya ya Kiingereza iliyo katikati itie alama ya Kiingereza. Sauti itabadilika yenyewe inapofika pale. Na ile mistari myekundu chini ya kila neno lako itapungua, faida ambayo ni yako wewe.

Hatua ya 4: Picha, nembo, mihuri na visanduku

Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Alt Text, uandike maelezo. Wengi huandika "picha". Mimi tayari nimeambiwa ni picha. Niambie imekuja kufanya nini pale. Sahihi iliyobandikwa, andika "Sahihi ya Katibu Mkuu". Chati, andika inachosema: "Michango imepanda kuanzia Machi na kushuka Agosti", kisha weka takwimu zenyewe kwenye jedwali chini yake. Ua la pembeni lililowekwa kwa urembo, liwekee alama kwamba ni pambo, nitapitishwa bila kusimamishwa.

Kisha angalia picha imekaaje. Picha inayoelea juu ya maandishi mara nyingi siikuti kabisa ninaposoma mfululizo. Iweke ndani ya mstari, chaguo la In Line with Text. Visanduku vya maandishi vina ugonjwa huohuo, na ni hatari zaidi, kwa sababu watu hupenda kutia humo jambo la muhimu kuliko yote. Niliwahi kusoma tangazo la nafasi za mafunzo kuanzia juu hadi chini mara tatu nikitafuta tarehe ya mwisho. Tarehe ilikuwepo, imezungushiwa kisanduku chekundu pembeni. Nilikuja kuambiwa ilipokwisha kupita.

Hatua ya 5: Lahajedwali

Chukua daftari la SACCOS lililoko Excel: jina la mwanachama, hisa, mkopo, rejesho. Mtunza daftari amepaka rangi nyekundu wote waliochelewa kulipa. Amemwona kila mdaiwa kwa kutupa jicho mara moja. Mimi ninaposhuka kwenye safu ya rejesho nasikia: "45,000, D7. 45,000, D8. D9. 30,000, D10." D9 ni tupu, hilo nimelijua. Lakini hizi ni fedha za nani? Na nani kachelewa? Rangi hainifikii, maana NVDA haitamki rangi mpaka uiombe, na nikiiomba itanitajia ya kila seli nilipo.

Tengeneza hivi. Ongeza safu moja, iite Hali, uandike "amechelewa" au "amelipa". Rangi ibaki, haimdhuru mtu, ila isiwe peke yake. Anza jedwali kwenye seli A1, kwa sababu ndipo ninapotua nikibonyeza Ctrl+Home. Usiache mistari mitupu katikati ili kupendezesha. Nikiikuta nadhani jedwali limekwisha. Usiunganishe seli, hasa zile za vichwa vya safu. Majedwali mawili yasikae kwenye ukurasa mmoja. Lipe kila moja ukurasa wake na jina lake, si Sheet1 na Sheet2 bali "Mikopo 2024".

Kisha kuna jambo ambalo wahasibu wengi hawajawahi kuambiwa. Nenda kwenye seli ya pembeni, pale mstari wa vichwa na safu ya majina vinapokutana, kwa mfano wetu ni A1. Kwenye kisanduku cha jina kilicho juu kushoto, futa A1, andika Title, bonyeza Enter. JAWS na NVDA zote zinalielewa jina hilo. Kuanzia hapo nikishuka natamkiwa jina la mwanachama kabla ya kiasi, na nikienda kulia natamkiwa kichwa cha safu. Daftari lilelile, lakini sasa naweza kulikagua mwenyewe.

Hatua ya 6: PDF

Usiprinti ili kuskani. Kutoka Word tumia Save As, chagua PDF, fungua Options, uhakikishe kisanduku cha Document structure tags for accessibility kimewekewa tiki. Kwenye LibreOffice, katika kuhamisha kwenda PDF, chagua Universal Accessibility. Vichwa, majedwali na maelezo ya picha uliyohangaika nayo vitasafiri ndani ya faili. Njia ya "kuprinti kwenda PDF" inaviacha nyuma.

Najua utaratibu wa ofisi zetu: bila sahihi ya kalamu na mhuri, barua si barua. Sikuombi uvunje utaratibu. Tuma skani yako, na katika baruapepe hiyohiyo ambatisha faili la Word lililoizaa. Hilo tu. Zipo programu za kutambua maandishi kwenye picha, nami ninazo, lakini mhuri ukikaa juu ya tarehe hazioni tarehe wala mhuri.

Hatua ya 7: Kwa wanaonunua na kujenga mifumo

Waraka safi haufai kitu kama programu yenyewe haiongei na kisoma skrini. Mwaka 2005 jimbo la Massachusetts, Marekani, liliamua nyaraka zake zitunzwe kwa muundo huria wa OpenDocument. Wasioona walipinga vikali, kwa kuwa programu zilizotumia muundo huo wakati ule hazikuvijibu vizuri visoma skrini vyao. Malalamiko hayo yalizaa matunda: mwaka 2006 IBM ilitoa kwa matumizi huria kiunganishi cha IAccessible2, kinachoiwezesha programu kukijibu kisoma skrini, ambacho LibreOffice inakitumia kwenye Windows hadi leo, na toleo la 1.1 la OpenDocument likaja mwaka 2007 na marekebisho kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Basi uliza kabla ya kulipa. Mfumo wa likizo au wa masijala ukiletwa kuonyeshwa, washa NVDA mbele ya muuzaji, weka kipanya kando, utumie Tab tu. Ukisikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila majina, mwambie aende akavipe majina. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inahusu ufikivu, mifumo ya habari na mawasiliano ikiwemo. Itaje kwenye zabuni.

Hatua ya 8: Jaribu na mtu

Word ina Check Accessibility kwenye Review, LibreOffice ina Accessibility Check kwenye Tools. Zipitishe. Zitakuambia picha ipi haina maelezo. Hazitajua kwamba uliandika "picha".

Kwa hiyo mtafute asiyeona, wa ofisini kwako au wa chama cha wasioona kilicho karibu, na kama si mwajiriwa wenu mlipe muda wake. Mpe swali moja: "Mwisho wa kutuma maombi ni lini?" au "Nani anadaiwa zaidi?" Kisha kaa kimya. Usishike kibodi yake, usimwambie "iko hapo juu kulia". Andika mahali alipokwama na maneno aliyoyasikia pale, halafu rudi kwenye hatua inayohusika, urekebishe, umpe tena faili lilelile na swali lilelile.