Timu iliyotawanyika Kisumu, Kakamega na Nakuru: jinsi ninavyoiendesha, hatua kwa hatua

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Section 58, Nakuru, usiku umeshaingia. Amepata kazi yake ya kwanza kubwa ya unukuzi, yaani kusikiliza sauti na kuandika yaliyosemwa: mahojiano ya saa arobaini, mengine Kiswahili, mengine Kiluhya. Mteja yuko Marekani, na yeye ana watu sita ambao hajawahi kukaa nao chumba kimoja.

"Mjomba, hawa watu wangu ni wavivu."

"Hebu nisomee ujumbe uliowatumia."

"Jamani, faili zote ziwe zimefika kesho saa 3."

Nikamwambia asimfukuze mtu yeyote, nikapanda gari Jumamosi kupitia Kericho, tukakaa mezani siku mbili. Haya ndiyo tuliyofanya. Mimi niko Mamboleo, Kisumu, na wanukuzi wangu ni tisa: watatu hapa mjini, wawili Kakamega, mmoja Mbale ya Vihiga, mmoja Siaya, wawili Nakuru. Mfano wangu ni unukuzi kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, lakini anayesimamia watafsiri au watu wa kuingiza data hatapotea.

Hatua ya 1: Chagua watu kwa kazi, si kwa vyeti

Mpe kila mmoja dakika kumi za sauti, zilezile kwa wote, na uzilipie. Kuomba kazi ya majaribio ya bure ni kuanza uhusiano kwa wizi mdogo.

Halafu mwulize kila mtu anazungumza nini hasa nyumbani. "Kiluhya" si jibu. Mlogooli wa Vihiga ukimpa mahojiano ya Lubukusu kutoka Bungoma atabahatisha nusu yake, wala hatakuambia, kwa sababu anaihitaji hiyo kazi.

Hatua ya 2: Folda moja, jedwali moja

Kufungua folda ya mtandaoni na jedwali la Google Sheets sitaeleza. Safu zangu ni sita: jina la faili, dakika zake, nani anayo, aliichukua lini, inarudi lini, nani ameikagua. Zipo programu za kupangia kazi zenye rangi na vikadi vya kuburuta. Nilijaribu mbili nikaziacha. Mtu anayefungua kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akiwa kwenye matatu ya Siaya, hataki kuburuta kitu.

Kabla hujagawa, punguza uzito wa sauti. Wateja wengi hutuma WAV, yaani sauti ambayo haijabanwa, na saa moja ya WAV ya kawaida ya stirio ni zaidi ya megabaiti 600. Igeuze kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, iwe MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde, na itashuka hadi megabaiti 29 hivi. Mahojiano ya mtu kuongea hayapotezi chochote cha maana. Ile ya awali hifadhi wewe mwenyewe, umrudie mtu nayo pale tu anapokwama kwenye neno. Mpwa wangu alikuwa anawatumia watu wake WAV nzima, kisha anashangaa kwa nini wanaomba pesa ya bando kila siku.

Hatua ya 3: Andika maana ya "nimemaliza"

Ukurasa mmoja tu. Kwetu "nimemaliza" maana yake: mwenye faili ameisikiliza mara ya pili tangu mwanzo hadi mwisho, penye neno lisilosikika ameandika [haisikiki] pamoja na dakika yake, wasemaji wametajwa kwa herufi na si kwa majina, na faili iko kwenye folda ya "Tayari", si kwenye WhatsApp yangu. Bila ukurasa huo kila mtu ana "nimemaliza" yake.

Kwenye ukurasa huohuo weka sharti la kufuta. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na sauti ya mama anayesimulia ugonjwa wake ni data yake, si yako. Faili ikishakaguliwa, mnukuzi anaifuta kwenye mashine yake na kuandika "imefutwa" kwenye jedwali. Na saiba, zile kompyuta za kukodi mtaani, ni marufuku kabisa kwa kazi ya namna hii.

Hatua ya 4: Saa

Hapa ndipo nilipopoteza mteja, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza niliandikia timu "saa 3". Nilimaanisha saa tatu asubuhi. Kijana wa Kakamega, ambaye amesoma na kufanya kazi kwa Kiingereza maisha yake yote, akiona tarakimu 3 mchana wa kazi anaona alasiri. Akaleta kazi kwa wakati wake, kazi safi kabisa, saa sita baada ya mteja kuanza kuisubiri. Huwa ni sita hasa, haipungui wala haizidi, kwa sababu saa yetu inahesabu kuanzia macheo na ya Kizungu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiona mtu amechelewa au amewahi kwa saa sita kamili, usimkaripie. Soma ujumbe wako tena.

Dawa si kuwaambia watu "tumieni saa ya Kiswahili" wala "tumieni ya Kizungu". Nimejaribu zote mbili, na ulimi haubadiliki kwa amri. Dawa ni kuandika kwa namna ambayo haiwezi kusomwa mara mbili: siku, tarehe, jina la mwezi, tarakimu nne, na neno Kenya. Alhamisi 14 Machi, 16:00 Kenya. Hakuna Mkenya anayesoma 16:00 akaona kitu kingine. Kwa mdomo, kwenye simu, sema saa kumi kama kawaida, lakini ukikata simu uandike zile tarakimu nne.

Jina la mwezi nalo usiliruke. Mmarekani akiandika 4/3 anamaanisha tarehe 3 Aprili, sisi tunasoma tarehe 4 Machi. Mpwa wangu alikuwa na mbili kama hizo kwenye barua za mteja wake, na moja alikuwa ameisoma visivyo.

Sasa saa za wateja. Sisi bango la ikweta liko pale Maseno, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, hatuna sababu ya kusogeza saa. Wenzetu wanasogeza, tena si siku moja. Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao na saa saba wakati wa joto. London ni tatu, halafu mbili.

Shida iko kwenye zile wiki za katikati. Mwaka 2024 Marekani walisogeza tarehe 10 Machi, Uingereza tarehe 31. Nilikuwa na kikao kila Alhamisi, 9:00 ya New York, ambayo miezi yote ya baridi ilikuwa 17:00 yetu. Tarehe 14 Machi tukaingia 17:00 kama kawaida, watu wanne tumechana nywele, tukakuta wenzetu wamesubiri na kuondoka. Nikajirekebisha, na kwa bidii nikamwandikia pia mteja wa London kwamba wiki ijayo tutakutana saa moja mapema. Yeye alikuwa hajasogeza chochote. Siku nzima ikaishia kwenye kuomba radhi kwa pande mbili, kwa makosa mawili yanayopingana.

Ukiweka kikao kwenye kalenda ya simu, chagua mji wa mteja, yaani New York au London, usichague namba kama -5, yaani saa tano nyuma ya GMT. Mji unajua sheria zake na utasogea wenyewe, namba haitasogea. Kwenye Google Calendar unaweza pia kuongeza ukanda wa pili wa saa, ukaona yako na ya mteja zikiwa ubavuni mwa kila siku. Fanya hivyo leo.

Usiamini vifupisho vya saa. Wamarekani wengi huandika EST hata Julai, ilhali EST kwa haki ni saa ya baridi ya upande wa New York. Ukiibadilisha neno kwa neno utakosea kwa saa moja. Waingereza nao wana tabia hiyo kwa GMT, saa yao ya baridi. Mimi hujibu tu: "Yaani 16:00 Nairobi, sivyo?" na kusubiri "ndiyo".

La mwisho kwenye hatua hii ni usiku. Mteja wa New York akisema mwisho ni usiku wa manane Ijumaa, kwetu hiyo ni Jumamosi asubuhi, 7:00 au 8:00 kulingana na msimu. Ni zawadi: una usiku mzima wa ziada. Lakini usiwaambie watu wako "usiku wa Ijumaa". Nina mmoja aliyekulia Mombasa, na kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Yeye hukuletea kazi siku nzima mapema na kukuuliza wengine wako wapi. Andika: Jumamosi 16 Machi, 06:00 Kenya, ubaki na saa moja au mbili za kukagua.

Hatua ya 5: Stima, mtandao na mvua

Panga vikao asubuhi. Huku kwetu mawingu hujikusanya mchana, na ikifika alasiri Kakamega inanguruma. Radi ikianza, mtu mwenye akili anachomoa chaja ukutani. Kikao cha 16:00 msimu wa mvua ni kikao cha watu watatu.

Kila mtu awe na laini mbili za kampuni tofauti. Lakini laini mbili hazitoshi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki bila kujali una laini ya nani. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Kwa hiyo sharti langu ni kazi kufanyika mashineni, si mtandaoni: sauti imeshushwa, maandishi yako kwenye programu ya LibreOffice, mtandao unahitajika mara mbili tu, kuchukua na kurudisha. Wapo wanaopenda kuandika moja kwa moja kwenye Google Docs ili bosi aone herufi zikiingia. Bosi wa namna hiyo atafute kazi nyingine.

Hatua ya 6: WhatsApp ibaki ya salamu

Kundi liwepo, watu wasalimiane, wapeane pole na pongezi, wataniane baada ya mechi. Kazi isigawiwe humo. Agizo lililotolewa kwenye kundi saa nne asubuhi, kufikia adhuhuri liko chini ya picha arobaini za harusi. Na jumbe za sauti za dakika nne sisikilizi. Ikiwa ni refu hivyo, nipigie.

Kikao cha video nafanya kimoja kwa wiki, dakika ishirini, kamera zimezimwa. Bando ni la mtu, na si kila mmoja anataka tuone amekaa kitandani.

Hatua ya 7: Pesa

Lipa kwa dakika ya sauti, usilipe kwa saa ya kazi. Mnukuzi wangu mzoefu hutumia kama saa nne kwa saa moja ya mahojiano yanayosikika vizuri. Yale ya sokoni yenye kelele yanaweza kufika saa nane, kwa hiyo yana bei yake, nayo inaandikwa kwenye jedwali kabla mtu hajaichukua faili.

Mimi hulipa Ijumaa kabla ya 12:00, kwa M-Pesa, pamoja na ya kutolea. Mteja wa nje anaweza kulipa baada ya siku thelathini, na hilo halimhusu mtu wa Mbale anayedaiwa kodi. Kama huna akiba ya kuwalipa watu mwezi mmoja kabla mteja hajalipa, chukua kazi ndogo zaidi. Mpwa wangu hakuipenda sentensi hii, lakini alirudisha saa kumi na tano kati ya zile arobaini, na mteja akakubali.

Hatua ya 8: Mtu akinyamaza

Siku moja bila neno, mtumie ujumbe wa salamu tu. Siku ya pili mpigie simu. Mara nyingi ni tokeni za stima zimekwisha, mtoto mgonjwa, au matanga. Matanga ya huku si ya alasiri moja. Mtu husafiri nyumbani katikati ya wiki, kuna mikutano ya mazishi, kuna kulala, kuna kupika. Usimwambie abebe laptopu.

Ndiyo maana kila faili kwenye jedwali langu ina jina la pili kwenye mabano, mtu atakayeichukua wa kwanza akikwama, na anajua hivyo tangu mwanzo. Aliyekuwa matangani analipwa dakika alizokwisha kufanya, faili inabaki kwa aliyeichukua, na yeye akirudi anapewa mpya.