Namna ya kupeleka lalamiko lako dhidi ya halmashauri kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Wiki iliyopita mama mmoja muuza dagaa niliyekuwa namsaidia alipokea barua ya Tume yenye mapendekezo. Miaka sita alilipa ushuru wa kizimba chake kwenye soko la halmashauri moja hapa Dar es Salaam. Soko likafungwa kwa ukarabati, na orodha ya wanaorudi ilipobandikwa ukutani jina lake halikuwamo. Kila alipouliza aliambiwa njoo Jumatatu. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na safari yake imenifundisha mambo ambayo ningependa mtu mwingine ayajue kabla hajapoteza muda kama tulivyopoteza sisi.

Ukisema "Tume" watu wengi wanafikiria uchaguzi. Hii ni nyingine, imetajwa kwenye ibara ya 129 ya Katiba na ikaundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2001. Ilirithi kazi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanzishwa mwaka 1966. Mbali na haki za binadamu, inachunguza ofisi za umma zinazomtendea mwananchi isivyo haki: kumzungusha, kumpendelea mwingine, kumnyima kitu bila kumpa sababu. Kulalamika ni bure. Anayekuomba "hela ya kufungua jalada" si mtu wa Tume.

Hatua ya 1: Hakikisha unamlalamikia anayehusika

Taka, masoko, vibali vya ujenzi, shule za msingi na zahanati za serikali ni za halmashauri: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Barabara nyingi za mitaani na mifereji yake ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini; maji ni DAWASA. Hao nao ni ofisi za umma na Tume inaweza kuwachunguza, ila barua yako ya kwanza lazima iende kwao, si kwa mkurugenzi wa manispaa. Ukiombwa rushwa, nenda TAKUKURU. Mgogoro wa nani mwenye kiwanja una Baraza la Ardhi na Nyumba. Na kama jambo lako liko mahakamani tayari, Tume hailigusi.

Hatua ya 2: Iandikie halmashauri kwanza, na upate muhuri

Hapa ndipo tulipokwama, kwa hiyo nitakaa hapa.

Tume ikipokea lalamiko lako, swali la mapema ni hili: uliwaambia wenyewe? Walijibu nini? Ukijibu "nilikwenda mara nyingi", huna kitu mkononi. Mama wa dagaa alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa mtendaji wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, na diwani alimpigia simu mwenyewe. Kote huko hakuandika hata mstari mmoja.

Tukaandika barua kwa mkurugenzi. Andika nakala mbili. Zote mbili zipeleke masijala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua, si mapokezi, wala usimwachie mlinzi getini. Kitabu cha mlinzi kinaonyesha umeingia saa ngapi, hakionyeshi barua imepokelewa. Usimpe afisa unayemfahamu akupelekee ndani, hata kama ni mtu mwema kabisa. Barua ya mkononi inakaa kwenye droo na siku akihamishwa kituo inahama naye. Masijala wanabaki na nakala moja, wanaiandika kwenye rejista, wanagonga muhuri wa kupokelewa kwenye ile nyingine na kukurudishia.

Utaambiwa, "Mama, we acha tu hapo, bosi akija ataiona." Jibu kwa upole kwamba utasubiri muhuri, kisha kaa. Nenda asubuhi, saa mbili, kabla foleni haijajaa na kabla vikao havijaanza. Wakikataa kabisa usigombane. Nenda posta, itume kwa rejista, na ile risiti ya posta iambatanishe na nakala yako. Mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko mtandaoni, e-Mrejesho, nao upo na una manufaa yake, ila ukiutumia andika namba unayopewa na uchapishe ukurasa. Mimi bado naamini karatasi yenye muhuri kuliko kitu kingine chochote, hasa kwa mtu ambaye simu yake inashikwa na watoto.

Sasa sikiliza kosa letu. Tulipata muhuri, tukafurahi, tukaondoka. Hatukusoma tarehe. Ule muhuri ni wa kuzungusha magurudumu kwa kidole kila asubuhi, na gurudumu la mwezi lilikuwa halijazungushwa. Barua ya mwezi wa tano ikagongwa mwezi wa nne. Orodha ya soko ilibandikwa mwanzoni mwa mwezi wa tano. Halmashauri ilipotakiwa kujieleza ikasema mlalamikaji aliandika kabla orodha haijatoka, kwa hiyo barua yake inahusu jambo jingine. Zilituchukua wiki tisa kupata uthibitisho wa ukurasa wa rejista ya masijala ulioonyesha siku yenyewe barua ilipoingia. Wiki tisa, na mama anauza dagaa juani pembeni ya barabara.

Kwa hiyo kabla hujatoka mlangoni soma siku, mwezi na mwaka kwenye muhuri. Ukikuta kosa, omba lirekebishwe hapohapo na wasaini pembeni. Kisha piga picha.

Subiri jibu siku 21. Kimya, andika barua ya kukumbushia yenye kutaja tarehe ya ile ya kwanza, nayo igongwe muhuri. Barua mbili zisizojibiwa ni ushahidi mzuri sana wa kuzungushwa.

Hatua ya 3: Andika lalamiko

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Jina, mtaa, simu, ofisi unayoilalamikia, kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe, ulichofanya, unachoomba. Sheria inaruhusu kulalamika hata kwa mdomo, na mtu mwingine anaweza kulalamika kwa niaba yako, kwa hiyo asiyejua kuandika asirudi nyumbani.

Nina msimamo mkali kwenye jambo moja: acha kuorodhesha nakala kwa ofisi kumi. Wale wa steshenari wanapenda kuziweka, Ikulu, Waziri Mkuu, TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa, wote chini ya barua moja. Kila ofisi inadhani mwenzake analishughulikia.

Omba kitu kinachotekelezeka. "Naomba haki yangu" haimwambii mchunguzi afanye nini. Mama aliomba aelezwe kwa maandishi sababu ya kuondolewa kwenye orodha, na arudishiwe kizimba au apewe kingine sokoni humohumo.

Ambatanisha vivuli vya stakabadhi. Halisi zibaki kwako.

Hatua ya 4: Peleka

Makao makuu ya Tume yako Dodoma, lakini ofisi ipo hapahapa Dar. Omba namba ya jalada. Iandike kwenye kaunta buku, si nyuma ya risiti ya muamala.

Hatua ya 5: Wakati wa uchunguzi

Tume inaitaka halmashauri ijieleze kwa maandishi. Inaweza kuita mashahidi, kudai nyaraka, kwenda kuona eneo, au kuwakalisha pamoja msuluhishwe. Usuluhishi usiudharau, ila usisaini makubaliano yasiyo na tarehe ya utekelezaji. Wakikupigia simu pokea; namba ikibadilika wajulishe.

Hatua ya 6: Mapendekezo yakitoka

Tume haitoi hukumu, inatoa mapendekezo, na hapo wengi wanakata tamaa mapema. Kifungu cha 28 cha sheria yake kinaitaka ofisi iliyopendekezewa itoe taarifa ya ilichofanya ndani ya muda usiozidi miezi 3. Isipotekeleza, jambo linaweza kupelekwa mahakamani. Wananchi wa Nyamuma, Serengeti, waliochomewa nyumba mwaka 2001, walifika hadi Mahakama ya Rufani kwa njia hiyo baada ya serikali kugoma kutekeleza mapendekezo ya Tume.

Omba nakala ya mapendekezo, hesabu miezi 3 kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake, na siku ikifika bila utekelezaji rudi Tume na namba yako ya jalada. Tarehe hiyo ya mama wa dagaa tumeiandika kwa peni nyekundu kwenye gamba la kaunta buku lake, na binti yake ameiweka kwenye simu.