Ng'ombe Ana Afya, Kinyesi Kina Bakteria: Usalama wa Nyama Unaanzia Bandani

Kabla ya kuuza mnyama wa kuchinjwa, mfugaji humkagua: anakula, anacheua, macho maangavu, hana homa. Ukaguzi huo ni wa lazima, ila haumalizi kazi. Ng'ombe aliyebeba Escherichia coli aina ya O157 haumwi chochote. Bakteria hao hujishikiza mwishoni kabisa mwa utumbo, karibu na njia ya haja kubwa, nao hutoka pamoja na kinyesi huku mnyama akinenepa kama wenzake. Kuku wenye Kampilobakta ni vivyo hivyo, na nguruwe wengi wenye Salmonela pia; hao nao ni bakteria wanaowaletea watu maradhi ya tumbo.

Tena hawatoki kwa kiasi kilekile kila siku. Mnyama anaweza kutoa bakteria wengi wiki hii, wiki ijayo asitoe hata mmoja, kisha akaanza upya. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kinyesi kisichoonyesha kitu si cheti cha usafi. Katika kundi huwapo pia wachache wanaotoa O157 kwa wingi kupita kiasi, zaidi ya 10,000 katika gramu moja ya kinyesi, na hao wachache ndio chanzo cha sehemu kubwa ya uchafuzi wa kundi zima. Kwa macho huwezi kuwatambua. Ongeza uangalifu kwa ndama walioachishwa kunyonya karibuni, na wakati wa majira ya joto.

Nyama yenyewe inachafukaje? Ndani ya msuli wa mnyama mwenye afya kwa kawaida hamna bakteria. Wanaletwa na ngozi iliyoganda kinyesi, na mikono na kisu kilichopita juu ya ngozi hiyo kikaingia kwenye nyama, au na utumbo uliotobolewa wakati wa kupasua. Kwenye kipande kizima wanabaki juu, na moto unawafikia upesi. Nyama ikisagwa, waliokuwa juu wanaingia katikati, na nyama ya wanyama wengi inachanganyika. Mwaka 1993 nchini Marekani hambaga zenye O157 ambazo hazikuiva sawasawa ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na watoto 4 wakafa. O157 hahitaji jeshi: bakteria wasiofika 100 wanaweza kutosha kumwangusha mtu, na kwa watoto wadogo sumu yao huweza kuharibu figo.

Ukiniuliza uanzie wapi shambani, nitakwambia hodhi la maji. Wanyama wote wanakunywa hapo, mate na kinyesi vinaingia hapo, na utelezi wa kijani unaoshika kuta zake ni makao mazuri ya bakteria. Limwage, lisugue, lijaze upya, na liinue ili mnyama asiweze kulinyia. Halafu matandiko. Ng'ombe anayelala pakavu hufika machinjioni na tumbo safi. Anayelala kwenye tope la samadi hubeba magamba ya kinyesi tumboni na mapajani, pale pale kisu kinapoanzia kuchuna. Kumwosha asubuhi ya safari hakusaidii sana. Magamba hayo hayatoki kirahisi, na ngozi inayochuruzika maji hueneza uchafu zaidi wakati wa kuchuna. Mchafu abaki nyuma mpaka akauke na kusafika.

Wapo wanaotaka kuwapa wanyama wenye afya antibiotiki ili "kusafisha tumbo". Usifanye hivyo. Haiondoi tatizo kwa uhakika, inazalisha bakteria sugu, na inaweza kuacha mabaki ya dawa kwenye nyama.

Safari nayo ina mambo yake. Kubanana, kiu, njaa ndefu na kuchanganywa na wanyama wageni humsumbua mnyama, na aliyekuwa akitoa Salmonela kidogo anaweza kufika akitoa nyingi. Safirisha kundi lililozoeana, na fupisha muda wa kusubiri machinjioni. Kuku huondolewa chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa, lakini wabaki na maji. Ukipunguza muda huo utumbo hujaa na kupasuka. Ukiuzidisha mno kuta za utumbo hulegea, na hapo pia hupasuka.

Kwa mchinjaji: mkono unaoshika ngozi usishike nyama, kisu kisafishwe kwa maji ya moto kati ya mnyama na mnyama, na umio na puru (mwisho wa utumbo) vifungwe kabla ya kutoa matumbo. Kinyesi kikidondokea nyama, kata kipande hicho ukitupe. Kukisuuza kunakisambaza tu. Nyama ipozwe mapema, na jikoni nyama ya kusaga ifike nyuzi joto 71 katikati, kuku 74.

Gari lililopeleka wanyama lioshwe na kukaushwa kabla halijarudi shambani, pamoja na buti za dereva.