Kupima ubora wa bodi za jipsamu mtambo ukiwa unatembea

Bodi ya milimita 12.5, yaani kiini cha jasi (jipsamu) kati ya karatasi mbili, ikitoka kwenye kikaushio, kosa lililomo lina umri wa karibu saa nzima. Mkanda ukienda mita 60 kwa dakika na bodi zikikaa kikaushioni dakika 45, mita 2,700 zimeshapita kabla hujaona kitu. Kwa hiyo pima mapema, na kila kipimo ukiandikie saa na dakika. Bila hivyo huwezi kuoanisha kilichotoka na kilichoingia.

Hatua ya 1: Unga
Unga ni jasi iliyookwa. Chota sampuli karibu na kichanganyio, si ghalani. Ikaushe kwa nyuzi 45 za Selsiasi hadi uzito utulie, kisha ichome kwa nyuzi 230 na upime upungufu wa uzito. Unga safi uliookwa sawasawa hupoteza takriban asilimia 6.2. Ikizidi, kuna jasi mbichi ndani, nayo huharakisha uji kushika. Ikipungua, unga umeungua, au jasi yenyewe ina uchafu. Jihadhari: mbichi na iliyoungua zikiwa pamoja husawazishana, namba ikapendeza huku uji ukikusumbua.

Hatua ya 2: Uji
Kinga uji (unga uliochanganywa na maji na povu) kwa kikombe cha ujazo unaojulikana, ufute juu, upime uzito. Kikombe kikiwa kizito kuliko kawaida, povu limepungua. Kikiwa chepesi, limezidi. Mwaga kiasi kilekile juu ya kioo na upime upana wa duara. Uji ukiwa mzito usikimbilie maji: kilo 100 za unga safi huhitaji kilo 18.6 tu ili zigeuke kuwa jasi, na yote yanayozidi lazima kikaushio kiyatoe. Angalia kwanza pampu ya dawa ya kulainisha uji.

Hatua ya 3: Kushika
Kushika ni uji kugeuka kuwa jasi ngumu, na ukishika hutoa joto. Hapa ndipo bodi nyingi huharibikia. Jaza uji kwenye kikombe kisichopitisha joto, zamisha kipimajoto, andika joto kila sekunde 15 mpaka lifike kileleni. Kisu cha kukatia bodi kikiwa mita 240 kutoka kichanganyio, kwa mwendo wa mita 60 bodi hukifikia dakika ya 4. Tuseme uji ulianza nyuzi 36, dakika ya 4 ulikuwa 48, kilele 60: joto limepanda nusu ya njia, yaani uji umeshika nusu, na kwa mitambo mingi nusu inatosha kukata. Thibitisha kwa kidole gumba: kibonyeze mgongoni mwa bodi kabla ya kisu. Kikizama, bodi itapinda kwenye roli. Ongeza dawa ya kuharakisha kidogo, subiri dakika 4 kamili, bonyeza tena. Anayegeuza pampu mara mbili ndani ya dakika hizo anajitafutia uji ulioganda ndani ya kichanganyio, na mabonge yake huchana karatasi.

Hatua ya 4: Vipimo na kingo
Pima unene, upana na mishazari yote miwili. Kiwango cha Ulaya EN 520 huruhusu bodi hii kupishana unene kwa milimita 0.5 juu au chini. Upana usizidi uliotajwa wala kupungua zaidi ya milimita 4. Malengelenge upande mmoja tu? Tazama mvutano wa karatasi na mtawanyiko wa uji kabla ya kulaumu povu.

Hatua ya 5: Baada ya kukauka
Bodi iliyowekwa alama na kupimwa uzito kabla ya kikaushio, ipime tena ikitoka: tofauti ndiyo maji yaliyotoka. Kisha kata karatasi kwa alama ya X, katikati na pia kwenye ncha, maana ncha hukauka kwanza. Vuta. Karatasi ikichanika na kuacha nyuzi zake kwenye kiini, imeshika vizuri. Ikibanduka safi na kiini kina unyevu, ongeza ukaushaji. Ikibanduka na vumbi jeupe, ncha zimeungua: punguza joto la ukanda wa mwisho wa kikaushio na uzibe nafasi kati ya bodi. Ikibanduka safi ilhali kiini ni kikavu na kigumu, kagua wanga unaosaidia karatasi kushikana na kiini.

Mwisho vunja sampuli: angalau Newton 550 kwa urefu, 210 kwa upana.