Jinsi ya Kuomba Kusoma Nyaraka Zilizohifadhiwa na Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Mtafiti Aliyeko Dodoma

Anayeandika kuhusu njaa ya Mtunya iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, au kuhusu mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947, hawezi kumaliza kazi yake kwa vitabu vilivyochapishwa pekee. Sehemu kubwa ya habari hizo imo katika barua, taarifa na shajara zilizofungwa kwenye majalada, na majalada hayo hayakai kwenye rafu za wazi ambako kila aingiaye hujichukulia. Huombwa kwa maandishi, na ombi likiandikwa hovyo jalada halitapatikana hata kama lipo chumba cha pili.

Kabla ya kuandika barua yoyote, hakikisha unajua unachokitafuta kinahifadhiwa na nani. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, hivyo hazina yake iliyo tajiri zaidi ni ya tasnifu na makala za watafiti wake, ambazo nyingi zimewekwa katika hazina ya kidijitali ya chuo. Karatasi za zamani zaidi utazikuta katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, inayohifadhi makusanyo ya Hans Cory, aliyeandika mengi kuhusu sheria na mila za makabila ya Tanganyika, na ya Henry Fosbrooke, ambaye miongoni mwa mambo mengine alishughulikia michoro ya miambani. Chuo hicho kinahifadhi pia miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Majalada ya serikali ya kikoloni, kwa upande mwingine, yako chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na ombi lake hupelekwa huko, si chuoni. Wanafunzi wengi huchanganya taasisi hizi mbili na kupoteza wiki nzima.

Ushauri wangu kwa kila anayeniuliza ni kuanza na tasnifu. Fungua kurasa za marejeo za mtu aliyetangulia kuandika kuhusu wilaya yako, unakili namba za majalada aliyoyatumia, kisha uzipeleke namba hizo kwa mkutubi. Mkutubi aliyepewa namba hufanya kazi ya dakika chache; aliyepewa mada tu hulazimika kukisia.

Baada ya hapo omba barua ya utambulisho. Mwanafunzi huiomba katika idara yake, nayo hutolewa na ofisi ya chuo iliyopewa mamlaka hayo. Asiyekuwa mwanafunzi huipata kwa mwajiri wake au taasisi anayoifanyia kazi. Hakikisha barua ina kumbukumbu namba, tarehe, mhuri na muda ambao utafiti utafanyika. Asiye raia wa Tanzania anahitaji kwanza kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH. Ikiwa baada ya nyaraka utakwenda pia kuwahoji wazee vijijini, utahitaji barua nyingine ya Katibu Tawala wa Mkoa, ambayo hushuka wilayani hadi kufika kwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo ni busara kuziomba zote kwa wakati mmoja.

Sasa inakuja barua yenyewe ya ombi, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji atulie. Barua yangu ya kwanza ya namna hii niliipeleka katika chuo kimoja nikaandika kwamba ninaomba kusoma nyaraka zinazohusu historia ya Dodoma. Nilisafiri, nikakaa siku mbili katika nyumba ya wageni, na siku ya tatu nikaletewa mafungu mawili ya karatasi ambayo hayakuwa na chochote nilichokihitaji. Mhudumu alikuwa ametekeleza nilichokiandika.

Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa Maktaba, ikipitia kwa Mkuu wa Idara yako kama wewe ni mwanafunzi, na kichwa chake kiseme jambo lote, kwa mfano: «Yah: Ombi la kusoma nyaraka za usambazaji wa chakula cha njaa katika wilaya za Dodoma na Mpwapwa, 1917 hadi 1920». Katika aya inayofuata taja jina la mkusanyo, namba za majalada ulizozipata, miaka unayoihitaji, tarehe utakazofika, na kama utaomba nakala. Ambatisha muhtasari wa utafiti usiozidi kurasa mbili, nakala ya barua ya utambulisho na nakala ya kitambulisho.

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu wa pekee. Katika karatasi za Wajerumani Mpwapwa huandikwa Mpapua, na wakati wa Waingereza wilaya zetu zilihesabiwa chini ya Jimbo la Kati. Atakayetafuta kwa jina la mkoa au wilaya iliyoundwa baada ya Uhuru hatakuta kitu, na atarudi nyumbani akidhani nyaraka hazipo. Andika majina yote mawili, la zamani na la sasa, ndani ya barua. Ikiwa nyaraka zako ni za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, jiandae pia kwa mwandiko wa Kijerumani wa kale, ambao hata ajuaye Kijerumani cha leo hushindwa kuusoma bila mazoezi.

Peleka barua mapema, ikiwezekana mwezi mmoja kabla ya safari, na usipande treni kwenda Dar es Salaam kabla ya kupata jibu. Uliza pia ada, na ulipe kwa namba ya malipo utakayopewa na taasisi, kisha utunze stakabadhi.

Siku ya kwanza utajaza fomu ya msomaji na kuacha mkoba nje. Ingia na penseli, kwa kuwa wino ukidondoka juu ya karatasi ya mwaka 1918 hautoki. Majalada ya serikali kwa kawaida yamepangwa karatasi ya karibuni ikiwa juu, na kila karatasi ina namba yake pembeni. Anza kusoma kutoka chini, na uandike namba hiyo kila unaponukuu, maana bila hiyo msimamizi wako hataweza kuhakiki ulichokiandika. Usibadilishe mpangilio hata kama unaona karatasi mbili zimewekwa kimakosa. Mwite mhudumu umwoneshe.

Usipige picha kwa simu kabla ya kuruhusiwa. Nakala huombwa kwa fomu ya peke yake, na ruhusa ya kunakili si ruhusa ya kuchapisha, kwani haki ya mwandishi hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nyaraka zenye habari za ugonjwa, kesi au familia za watu walio hai zinagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nyaraka za serikali, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi jalada linafanyiwa ukarabati au barua ina upungufu wa mhuri, na ombi jipya lenye marekebisho hupokelewa. Ukimaliza utafiti, peleka nakala ya tasnifu yako kwenye maktaba iliyokupa nyaraka, ukiwa umeorodhesha namba za majalada kikamilifu, ili mwanafunzi wa Kondoa au Manyoni atakayekuja baada yako aanze na ukurasa wako wa marejeo.